Kichupa Kilichojaa Haraka

Hakuna mgonjwa anayemfurahisha mtafiti wa jeni kama yule anayetema mate bila kubembelezwa. Wengi, wakishakabidhiwa kichupa cha plastiki na kuonyeshwa alama ambayo mate hayana budi kuifikia, hukauka mdomo papo hapo kana kwamba mtu amewafungia bomba. Wengine hujaza povu tupu, na povu halihesabiwi. Kwa hiyo siku ile Fundi Pindo alipotoka na kichupa chake nje ya chumba cha kliniki, akaketi kwenye benchi la ukumbini kando ya mdogo wake aliyemsindikiza, kisha akarudi upesi na kichupa kilichojaa barabara, mtafiti alikiinua mbele ya dirisha, akakitazama kwa mahaba, akasema:

"Mama, ungekuwa mwanafunzi wangu, ningekupa alama zote."

Fundi Pindo hakucheka. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, na jina lile la utani lilimjia kwa sababu hakukuwa na mtu aliyejua kukunja pindo la sketi likanyooka kama lake. Miezi michache nyuma alikuwa ameondolewa uvimbe mweusi kwenye unyayo wa kulia, mguu uleule uliokanyaga cherehani miaka yote. Kwa muda mrefu alikuwa amejisadikisha kwamba aliikanyaga sindano na damu ikagandia ndani. Haikuwa sindano. Ilikuwa melanoma, saratani ya zile seli zinazoipa ngozi rangi yake, ambayo kwa watu weusi hupenda kujibanza pale ambapo watu hawana mazoea ya kupatazama: nyayoni, viganjani, chini ya kucha.

"Nina swali moja tu, daktari," alisema. "Baba yetu alikuwa na kidonda kisiginoni. Watu wakasema ni mwiba, na yeye mwenyewe akasema ni mwiba, akaingia nao kaburini. Sasa na mimi nimepata wa kwangu. Mimi nimeshakatwa, nimetulia. Lakini binti yangu ana mimba ya kwanza. Kama hiki kitu kinatembea katika damu yetu, nataka kujua kabla mjukuu hajafika."

"Ndiyo maana tunaomba mate, mama. Uvimbe peke yake hautujibu. Ndani yake kuna mabadiliko chungu nzima, mengine umezaliwa nayo, mengine yametokea humohumo mguuni. Mate yanatuonyesha ulichozaliwa nacho. Tukiyaweka mawili hayo pamoja, ni kama kulinganisha gauni na kipande cha kitambaa kilichobaki. Doa likiwa kwenye gauni tu, limeingia baadaye. Likiwa na kwenye kipande, limetoka nalo kiwandani."

"Hapo nimekuelewa," alisema Fundi Pindo, akainama kufunga viatu vyake. Kama mtafiti angekuwa mtazamaji wa nyuso kama alivyokuwa mtazamaji wa darubini, angeona kwamba masikio ya mama yule yalikuwa yameiva kwa aibu.

*

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza nyeupe, harufu ya spiriti, na mngurumo usiokoma wa mafriza. Mafriza hayo yalikuwa chini ya himaya ya mtu mmoja, fundi sanifu ambaye kila mtu alimwita Bwana Barafu. Aliyalinda kama golikipa anavyolinda nyavu. Ukifungua mlango wa friza ukasitasita, utasikia sauti yake kutoka upande wa pili wa chumba ikikuuliza kama umepanga humo.

Matokeo ya Fundi Pindo yalipofika, mtafiti aliyafungua akiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa bila kuguswa. Katika mate yale kulikuwa na badiliko moja kwenye jeni ambayo wanaoishughulikia saratani hii wanaifahamu vyema, jeni ambayo kazi yake ni kuishikia seli breki isigawanyike ovyo. Breki hiyo ilikuwa imepunguzwa nguvu, na ilipunguzwa tangu kuzaliwa. Kila mtoto wa mtu mwenye badiliko hilo yumo hatarini kulipata, kama sarafu inayorushwa hewani.

Mtafiti alimfikiria yule binti mjamzito. Akanyoosha mkono kuelekea simu, kisha akaurudisha. Hakuwa mtu wa kupiga simu kabla ya kutazama mara ya pili. Alifungua matokeo ya uvimbe ili alione badiliko lilelile humo, kwa maana kitu ulichozaliwa nacho hukifikia kila kiungo, uvimbe nao ukiwemo.

Halikuwemo.

Hilo peke yake lisingemshtua sana, kwani ndani ya uvimbe vipande vya jeni huweza kudondoka. Akatazama basi zile tofauti ndogondogo zisizo na madhara, maelfu kwa maelfu, ambazo humtenga kila binadamu na mwenzake. Kama mate na uvimbe vimetoka kwa mtu mmoja, hazina budi kulingana. Hizi zilikuwa zikilingana hapa, zikikosana pale, kama wanakwaya wawili waliopewa nyimbo mbili tofauti zenye kiitikio kimoja.

Akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mafriza.

"Bwana Barafu, kuna sampuli zimechanganyika."

"Zimechanganyika zenyewe?"

"Sijasema ni wewe."

"Hujasema, lakini umekuja kusimama mbele yangu. Mbona hukwenda kusimama mbele ya mashine?" Alivua glavu moja polepole, kidole baada ya kidole. "Mimi, mama yangu mzazi aliwahi kuniita kwa jina la ndugu yangu, nikamsahihisha nikiwa natambaa. Mimi nichanganye vichupa?"

"Basi tusibishane. Turudie."

Walirudia kutoka kwenye mate yaliyosalia, Bwana Barafu akishika pipeti, kirija cha kunyonyea matone, kwa madaha ya mtu anayetazamwa na mahakama, mtafiti akisoma kila lebo kwa sauti. Kwa siku zile walisalimiana kwa heshima nyingi mno, dalili ya kwamba mambo si shwari. Matokeo ya pili yalipotoka yalikuwa kama ya kwanza, na badiliko lilikuwa palepale, likiwatazama.

Ndipo mtafiti alipojiuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Kama vichupa vingekuwa vimepishana humu maabarani, mate yale yangekuwa ya mtu baki. Mbona basi yalilingana na uvimbe kwa kiasi kikubwa vile? Aliketi, akaiagiza kompyuta ipime undugu baina ya sampuli mbili zile. Bwana Barafu akasogea nyuma yake akijifanya anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

Jibu likatokea: watu wawili tofauti, baba mmoja, mama mmoja.

Bwana Barafu akaangua kicheko hadi akashika kiuno.

"Friza langu linagandisha, daktari. Halizai ndugu!"

Mtafiti alifumba macho. Akaliona benchi la ukumbini. Akamwona mama aliyeketi kando ya Fundi Pindo, kucha zake zikimeta wekundu hadi za miguuni, akitafuna ubani na kuongea na ukumbi mzima. Yeye aliyekuwa akizikagua mashine zake kila asubuhi, akizipima pipeti zake kwa mizani, hakuwahi hata siku moja kukagua mate yametoka mdomo wa nani.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa sauti, tafadhali. Hawa nao walisingiziwa," alijibu Bwana Barafu, akiyaonyesha mafriza kwa kidole.

*

Duka la Fundi Pindo lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa huku kulikuwa na cherehani mbili, pasi, na magauni yaliyotundikwa yakingoja wenyewe. Upande wa kule mdogo wake, Mama Rangi, alipaka watu kucha, na kwa kuwa pazia halikuwahi kufungwa, wateja wa pande zote mbili walishiriki umbea mmoja. Mchana ule hapakuwa na mteja. Fundi Pindo alikuwa akijifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, na pindo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, lilikuwa likipinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Karibu kiti. Kumbe madaktari siku hizi mnatembelea watu?"

"Nimekuja na swali. Na mimi ninalo moja tu." Mtafiti aliketi, akauweka mkoba wake mapajani. "Yale mate yalikuwa yako?"

Cherehani ikasimama.

"Yalikuwa ya kwetu," alisema Fundi Pindo kwa sauti ndogo.

Nyuma ya pazia Mama Rangi aliachia kicheko. "Nilikwambia, dada! Nilikwambia hawa wana mashine za kuchungulia!" Akatokeza, kopo la asetoni mkononi. "Daktari, usimlaumu. Huyu hata kupiga chafya anaomba ruhusa. Utamwambiaje ateme mate mbele ya watu waliosoma?"

"Lakini alitoka nje."

"Nje kulikuwa na watu wote, waliosoma na wasiosoma!" Fundi Pindo alijitetea. "Mlinzi alikuwa ananitazama. Mdomo ukawa mkavu kama chaki. Huyu akaniambia lete hapa, mimi ninayo mengi."

"Si ni kweli? Baba mmoja, mama mmoja, mate mamoja."

"Kama yangekuwa mamoja, nisingekuwa hapa," alisema mtafiti kwa upole. "Baba na mama kila mmoja hutoa nusu ya alicho nacho, na kila mtoto hupewa nusu tofauti. Ni kama karata. Meza ni moja, mikono ni mbalimbali."

Hapo alikuwa amefika penye ugumu. Njia nzima alikuwa akiifanyia mazoezi sentensi moja, na kila alipoisema ilimsaliti. Mama Rangi hakuwa mgonjwa wake. Hakuwa amekubali kuchunguzwa, na mtu ana haki ya kutokujua. Lakini utamwulizaje mtu kama anataka kujua, bila kumjulisha kwamba kipo cha kujua?

"Mama Rangi," alianza, "yale mate hukuyatoa kwa ajili yako. Kwa hiyo kilichomo ndani yake si changu kukisema usipotaka. Ukisema kifutwe, kitafutwa, nami nitakunywa maji nirudi zangu kazini. Ukisema nikwambie, nitakwambia, faragha au mbele ya dada yako, utakavyo wewe."

Mama Rangi alifungua mdomo aseme mzaha. Ulionekana kabisa ukija, ukafika kwenye midomo, ukageuka ukarudi. Aliketi kwenye kigoda chake cha kazi.

"Dada hakuniomba," alisema. "Anasema nilimsaidia, na mimi nimemwacha aseme hivyo. Ukweli ni kwamba nilimnyang'anya kile kichupa. Nilitaka mnijibu bila mimi kuuliza."

"Uulize nini wewe?" Fundi Pindo alikuwa ameshavaa miwani.

Mama Rangi alilowesha pamba kwa asetoni, akauvua mguu wa kulia kwenye kandambili, akaanza kuifuta rangi ya kidole gumba. Wekundu ulitoka kidogokidogo, kwa ustadi wa mtu anayefanya kazi hiyo kutwa. Chini yake, kutoka shinani mwa ukucha hadi ncha, ulipita mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka kama mshono.

"Tangu lini?" aliuliza Fundi Pindo.

"Tangu ule mwaka tuliohamia duka hili."

"Yaani kila siku unakaa hapo, mita mbili kutoka kwangu, na mimi nakusimulia habari za mguu wangu, mguu wangu, na wewe unapaka rangi!"

"Ningekwambia nini, nawe una wa kwako? Tuuguzane kwa zamu?"

"Ungeniambia, mjinga wewe! Mimi ni dada yako, si mteja!" Na Fundi Pindo, ambaye hakuweza kutema mate mbele ya watu, alilia mbele yao bila aibu yoyote, akifuta machozi kwa kipande cha bitana kilichokuwa jirani.

Mtafiti aliwangoja. Kisha akavuta kiti karibu na kigoda, akautazama mstari ule bila kuugusa.

"Nisikilizeni vizuri. Mistari ya namna hii ni ya kawaida sana kwa watu weusi, na iliyo mingi ni rangi tu. Lakini mtu haamui hivyo kwa macho, wala mimi si daktari wa ngozi. Lazima uonwe. Hilo ni la ukucha. Na lile la mate, niseme?"

"Sema. Huyu asiondoke."

Akasema. Aliieleza breki na namna ilivyolegea, na kwamba kulegea si kukatika. Wapo wanaozeeka nalo badiliko hilo bila kupata hata chunusi. Alieleza pia kwamba maabara ya utafiti haitoi hukumu, kwa hiyo sampuli mpya ingechukuliwa na hospitali, kwa jina lake na kwa ridhaa yake. Mama Rangi alisikiliza huku akizungusha kifuniko cha asetoni, akikifunga na kukifungua.

"Na binti yangu?" aliuliza Fundi Pindo. "Swali langu liko palepale."

"Liko palepale, mama, kwa kuwa bado hujanipa mate."

Alitoa kichupa kipya mkobani. Na hapo yule mwanamke aliyekabili kisu cha daktari bila kupepesa akatazama huku na huku kama mwizi. Ilibidi pazia lile livutwe kwa mara ya kwanza tangu litundikwe. Mtafiti na Mama Rangi waliketi upande wa kucha, redio ikafunguliwa sauti ya juu ili pasisikike kitu.

"Hayaji!" ilisikika sauti kupitia kwenye wimbo.

"Fikiria limao, dada! Limao bichi, umelikata, majimaji yanachuruzika, umelitia chumvi—"

"Nyamaza, nacheka!"

"—unaling'ata na ganda lake—"

Mtafiti aligundua kwamba mdomo wake mwenyewe umejaa mate. Mara tatu kichupa kilipitishwa chini ya pazia, mara tatu kikarudishwa kwa sababu ya povu. Kilipofika kwenye alama, redio ilikuwa imemaliza nyimbo, salamu za wasikilizaji na taarifa ya habari.

*

Walikuja kliniki pamoja kusikiliza majibu, wakakaa kwenye benchi lilelile. Mtafiti aliwaita ndani, akafunga mlango. Daktari wa ngozi alikuwa amekwisha kuongea na Mama Rangi juma lile: kipande kidogo kilichochukuliwa chini ya ukucha kilionyesha rangi tu, rangi ya kawaida isiyo na ubaya wowote. Hilo walilijua, na walikuwa wamekwisha kulifurahia. Lililobaki lilikuwa moja.

"Mama, safari hii mate ni yako. Yamelingana na uvimbe kila mahali." Mtafiti aligeuza karatasi wayaone mafungu mawili ya alama, ingawa alijua hawatayatazama. "Lile badiliko la mdogo wako, wewe huna. Kilichoharibika mguuni mwako kiliharibikia hukohuko mguuni. Katika jeni zote tunazozijua hadi leo, hakuna kitu cha saratani hii ulichompa mwanao."

Fundi Pindo alishusha pumzi ndefu, kama pasi inayotoa mvuke. Kisha uso wake ukabadilika, akamgeukia mdogo wake.

"Na yeye?"

"Hospitali imethibitisha. Yeye analo."

"Haiwezekani. Mimi ndiye niliyeugua!"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Yaani mwenye mlango uliolegea hakuibiwa, na mwenye kufuli kaibiwa?"

"Hasa. Na hiyo ndiyo kazi yangu," alisema mtafiti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile macho yake yaling'aa. "Mlango uliolegea tunaujua tayari. Kwako wewe, mwizi alipita kwingine. Natafuta alikopita. Uvimbe wako una mengi ya kunieleza, na sasa nina mate yako halisi ya kuulinganisha nayo."

Mama Rangi aliitazama miguu yake ndani ya kandambili: kucha tisa nyekundu zilizometa, na moja tupu, ikingali na alama ya pale ilipokatwa.

"Kwa hiyo mimi niweke mlinzi," alisema hatimaye.

"Kila baada ya miezi sita. Ngozi yote, nyayo, viganja, kucha. Zote bila rangi, siku hiyo."

"Zote! Daktari, mimi ndiyo bango la duka langu." Lakini aliyasema hayo kwa mazoea tu. Alikuwa akifikiria jambo jingine. "Na wanangu?"

"Ni watu wazima. Kila mmoja ana nusu ya nafasi ya kuwa nalo. Watapimwa wakitaka. Kujitazama wanaweza kuanza hata leo."

Fundi Pindo alikuwa tayari na simu sikioni. "Mwanangu? Keti. Umeketi? Huna... Nasema huna! Cha babu hujakipata!" Upande wa pili palisikika ukelele, kisha kilio, kisha maswali mfululizo, naye akayajibu yote kwa neno lilelile, huku akipigapiga goti la mdogo wake, pigo moja kwa kila jibu.

Alipomaliza, Mama Rangi alinyoosha mkono.

"Nipe na mimi hiyo simu. Nina wavulana wawili wa kuwaharibia siku."

"Tumia yako."

"Yako ina bahati."

Akabonyeza namba, akangoja, akakaza sauti. "Haloo? Ndiyo, mimi mama yenu. Mwite na mwenzio. Leo jioni nikifika, nataka niwakute mmevua viatu... Ndiyo, vyote viwili. Na soksi... Hapana, siji kunusa. Nakuja kutazama."